Rivolva ya Papa Anselme

Kila nikishuka ngazi za jengo letu hapa Point mnanizingira, ninyi vijana wa maduka ya simu na wa saluni. Mmoja ananisogezea simu: Mzee Kigoma, cheki hii, inafika ngapi? Natazama. Ni picha ya rivolva, imewekwa juu ya kitanda, na pembeni kuna soksi. Halafu mnataka nitaje bei. Eish. Nimekaa kwenye meza ya kukadiria silaha za kale karibu maisha yangu yote ya hapa Durban, na sijawahi hata siku moja kumkadiria mtu soksi zake.

Sasa nisikilizeni, niseme mara moja mniache nipumzike. Nitawaeleza namna ya kujua bei ya haki ya rivolva ya zamani, zile zinazonunuliwa na wakusanyaji wa vitu vya kale na kufungiwa kabatini, siyo za kutembea nazo mjini. Na nitawaeleza habari ya rivolva moja ambayo mwenyewe aliiuza ili apate kuona tena. Mwenyewe huyo alikuwa mwalimu wangu. Rivolva ile ilinitoa kazini, na ilinipotezea mengine zaidi ya kazi. Nina uchungu nayo mpaka leo na sitajifanya sina.

Nchi hii ina sheria zake, hilo liwaingie kichwani kwanza. Bila kibali hugusi, hununui, huuzi, na ukikamatwa usije ukataja jina langu. Mimi mwenyewe sikuwahi kumiliki hata moja. Nilizishika chini ya leseni ya duka mchana kutwa, jioni zinarudi kwenye kabati la chuma, na mimi narudi zangu nyumbani kwa miguu na mkate kwapani.

Kazi niliianza kwa ufagio. Nilikuwa nimechoka kubeba maboksi kwenye maghala ya Clairwood, mgongo umeshaanza kunisema, nikasikia kuna duka la silaha mjini linatafuta mtu wa usafi. Nikaenda. Nyuma kabisa ya duka nikamkuta mzee mmoja Mkongo, mpana wa mabega, kavaa aproni ya ngozi, anasugua chuma huku anaimba nyimbo za kanisa. Huyo ndiye Papa Anselme, fundi wa silaha kutoka Lubumbashi. Aliposikia Kiswahili changu akauliza natoka wapi, nikasema Kigoma. Kuanzia hapo jina langu likawa Kigoma. Lile la kwenye cheti cha ubatizo hata marehemu mke wangu alikuja kulisahau.

Papa hakunifundisha silaha kwanza. Alinifundisha skurubu. Ananiwekea skurubu kuukuu kwenye kisahani, anataka nimwambie ipi imewahi kufunguliwa na mtu asiyejua kazi. Skurubu ambayo haijaguswa, ule mfereji wa kichwani una kingo kali zilizonyooka. Mtu mwenye haraka akiingiza bisibisi isiyo saizi yake, kingo zinatafunika. Basi ukiona skurubu iliyotafunwa, jua kuna mtu ameingia ndani, na jiulize alikwenda kufanya nini. Nikikosea, Papa anaichukua ile skurubu anaiweka kwenye kiganja changu: hii iko bien, hii iko vibaya, tazama tena. Nilichanganywa na skurubu mpaka nikawa nasimama kwenye robot, taa imeshaniruhusu kuvuka, mimi natazama bolti za nguzo. Madereva wa taksi wamenitukana sana kwa sababu ya Papa Anselme.

Baada ya skurubu zikaja namba. Rivolva nyingi za zamani zimegongwa namba ileile kwenye mwili, kwenye mtutu na kwenye silinda, lile gurudumu la kuwekea risasi. Namba zikitofautiana ujue ni silaha mbili zilizoozeshwa, na bei inashuka. Kisha herufi, yaani jina la kiwanda lililogongwa kwenye chuma. Pitisha ukucha. Herufi ambayo haijasumbuliwa inakwaruza ukucha. Iliyosuguliwa inateleza kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni.

Kisha rangi, na hapa ndipo pesa ilipo. Ule weusi wenye ubuluu siyo rangi ya kupaka kama ya geti. Papa aliuita bronzage, na aliufanya kwa njia ya zamani: unaacha chuma kishike kutu nyembamba, unakichemsha, unakipiga brashi laini, unakiacha tena kishike kutu, unakichemsha tena, siku baada ya siku, mpaka kutu yenyewe inageuka kuwa ngozi nyeusi. Ngozi ile ya kiwandani ikikaa miaka mingi bila kuguswa, hata ikichakaa kwenye kona, wakusanyaji wa leo wanailipia kuliko chuma chenyewe. Ikifanywa upya, hata na fundi aliyebarikiwa mikono, bei inaanguka kwa nusu na zaidi. Nawaona mnakunja sura. Hata mimi nilikunja. Lakini soko halikuniuliza mimi.

Utajuaje kama imefanywa upya? Tafuta kishimo. Kutu mbaya ikila chuma inaitoboa ile ngozi nyeusi na kuacha kishimo, na ndani ya kishimo chuma kinabaki kijivu au kahawia. Sasa ukikuta kishimo, na ndani yake mna weusi uleule mzuri wa nje, basi rangi ilikuja baada ya kutu. Hakuna maelezo mengine. Mtu anaweza kukuapia kwa kaburi la mama yake, kishimo hakimjui mama yake.

Watu wa kawaida hawajui hayo, na mapenzi ndiyo yanayowaponza. Mama mmoja alituletea rivolva ya marehemu mumewe inawaka kama sufuria ya harusini. Alikuwa ameisugua kwa stiliwaya na dawa ya meno, kwa sababu, alivyosema, marehemu alikuwa mtu nadhifu na asingependa kitu chake kiende kwa watu kikiwa kichafu. Nilitaka kulia. Thamani yote ilikuwa imeshakwenda na maji ya sinki. Na kuna baba mmoja aliyestaafu bandarini, yeye alileta yake ndani ya kopo la biskuti, kahawia, imechakaa kila kona, anaona aibu hata kuitoa. Nilipomtajia bei alidhani namdhihaki. Alikasirika, akafunga kopo lake akaondoka, na kesho yake akarudi na mchungaji wake aje ashuhudie nikirudia. Nikarudia. Mchungaji ndiye aliyekaa chini.

Bei yenyewe mnaipataje? Kwanza uliza zilizobaki ni ngapi duniani, maana adimu ni adimu. Kisha hali yake, hayo niliyowaambia. Kisha uliza ya mwisho inayofanana nayo iliuzwa kwa kiasi gani, iliuzwa kweli siyo ilitangazwa, kwa sababu kutangaza hata mimi naweza kutangaza viatu hivi milioni. Na usitazame viatu vya mnunuzi. Mtu akija na gari kubwa bei haipandi, na akija mjane bei haipandi vilevile.

Lililo gumu kuliko yote ni stori. Kila muuzaji ana stori. Mimi nimeshikishwa bastola ya jenerali yuleyule wa vita vya Makaburu mara nyingi kiasi kwamba jenerali huyo angehitaji punda wa kumbebea. Ndiyo maana Papa Anselme aliweka utaratibu wake, na duka zima likaufuata, mpaka wenye duka wenyewe. Silaha inawekwa juu ya kitambaa cha kijani. Mwenye nayo anakaa kwenye kiti, hafungui mdomo. Mkadiriaji anatazama, anageuza, kisha anasema kwa sauti alichokiona na bei yake, mbele ya muuzaji na mnunuzi. Hapo ndipo stori inaruhusiwa, kama bado kuna anayeitaka. Papa alisema ukisikia stori kwanza macho yanalainika. Watu walikuwa wanatoka mpaka Pretoria kuja kwetu kwa sababu ya kimya kile, na neno lililosemwa juu ya kitambaa kile halikubishaniwa.

Lakini nataka mwelewe jambo moja kumhusu. Wakati wa ujana wake wateja walitaka chuma king'ae. Walimletea vyuma vilivyooza, akawarudishia vikiwa kama vimetoka kiwandani jana, wakamlipa vizuri na kumwita bingwa. Halafu mtindo ukageuka. Wakaanza kutaka kile kilichochakaa chenyewe, na kila kilichopita mikononi mwa Papa kikaitwa kimeharibiwa. Hebu fikirini mtu anazeeka na kukuta kazi ya mikono yake yote imehesabiwa kuwa kasoro. Hakulalamika mbele yetu. Aliacha tu kuimba akiwa kazini.

Alipostaafu aliniachia meza. Haukupita muda macho yake yakaanza kufunga, mtoto wa jicho, kulia na kushoto. Hospitali ya serikali walimwingiza kwenye foleni, na foleni ikakaa. Nilipokwenda kumtembelea kwake kilimani Bluff alinimiminia chai nje ya kikombe, na mkewe, Mama Régine, akafuta meza kwa namna ya mtu aliyekwisha kuzoea. Kliniki ya kulipia ilikuwa tayari kumpasua wiki hiyohiyo, thirty thousand kwa jicho moja. Nawatajia kwa Kiingereza kwa sababu hapa mjini sijasikia mtu anayehesabu randi kwa Kiswahili.

Papa alikuwa na kitu kimoja cha maana duniani, nacho ni rivolva ya Kiingereza, ile inayokunjika katikati ukitaka kuipakia, aina adimu. Mwenye duka wa kwanza alimpa kwa kuthamini utumishi wake, kabla mimi sijafika na ufagio wangu. Kibali anacho, kila kitu sawa. Niliwahi kuichungulia kwake, nyeusi tii, imetulia kwenye kitambaa chake ndani ya kabati la chuma. Hakuwahi kuitoa nikaishika. Sisi sote tuliamini ni ya asili. Yeye hakuwahi kutamka kuwa ni ya asili, nakumbuka vizuri, na hakuwahi kutamka kuwa siyo. Ikiwa ya asili, bei yake ilikuwa macho mawili.

Mnunuzi alipatikana upesi, bwana mmoja mwenye malori kule Clairwood, mteja mkubwa wa duka, aliyeitamani rivolva ile kwa miaka. Duka wakati huo lilikuwa limeshikwa na mtoto wa yule mwenye duka wa kwanza, jina lake Gareth. Siku ya siku tukakutana mle nyuma. Gareth amesimama mlangoni, bwana wa malori ameegemea kabati, Papa amekaa kwenye kiti cha muuzaji, kiti ambacho yeye mwenyewe alikiweka pale, na Mama Régine amemshika mkono. Mimi mezani. Hatukusalimiana sana, utaratibu ni utaratibu.

Nikaanza. Skurubu safi. Namba zinalingana. Silinda imekaza, haichezi. Herufi zinakwaruza ukucha sawasawa. Moyo ukaanza kufurahi, nikamwona kichwani mwangu Papa amepona, anamimina chai ndani ya kikombe. Kisha nikaweka lenzi pembeni mwa zile herufi, upande wa chini wa mtutu, nikaona kishimo. Kidogo, kama kichwa cha pini. Ndani yake mlikuwa na weusi mzuri uleule wa nje.

Nilijua palepale ni kazi ya nani. Fundi mwingine yeyote angekisaga kishimo kile mpaka kiishe, na angezisaga na herufi. Papa alitukataza kufanya hivyo: herufi ziheshimiwe, afadhali kishimo kibaki. Alikiacha kwa heshima ya herufi. Ule uungwana wake wa kazi ndio uliokuwa unamshtaki, na hapakuwa na mtu Durban hii wa kukiona isipokuwa mimi, kwa sababu ni yeye aliyenifundisha kukitafuta.

Nikasogeza taa nikijifanya natazama kitu kingine. Bwana wa malori akauliza vipi. Gareth akakohoa. Papa akaugeuza uso upande wangu, na macho yale yaliyoingia weupe, akasema kwa Kiswahili, “Kigoma, sema ile uliona.”

Nikasema. Nilisema imefanywa upya, kazi ya polepole, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kushika, lakini imefanywa upya, na bei yake ya haki ni twenty-eight thousand. Bwana wa malori akatabasamu, mara ya kwanza tangu aingie, akasema anachukua. Papa akaitikia kwa kichwa taratibu. “Umeona muzuri,” akasema. Mama Régine ndiye aliyeniinamia sikioni, Wazungu wale wasisikie, akaniuliza, “Na macho yake?”

Nikazima taa ya mezani.

Najua mnachofikiri. Si ungenyamaza tu, mzee, nani angejua? Hata mke wangu aliniuliza hivyohivyo, amesimama na mwiko mkononi, na chakula siku hiyo kiliungua. Nawajibu nilivyomjibu. Meza ile ilikuwa na maana kwa sababu moja tu, kwamba anayekaa pale hamhurumii mtu wala hamkomoi mtu. Bwana wa malori namchukia, lakini siku ile alikuwa mnunuzi na alikuja kuamini neno langu. Na kanuni ile sikuitunga mimi. Aliitunga Papa. Nilifanya alichonifundisha, tena mbele yake, tena aliponiamuru mwenyewe. Sijutii. Nasema sijutii, na bado nikikaribia mtaa wa kliniki ile nabadilisha njia.

Alipasuliwa jicho moja, la kulia, na kilichopungua wakachangishana waumini. Likapona vizuri sana. La kushoto likaendelea kuzimika. Nilikwenda na matunda kumpa pole, Mama Régine akayapokea mlangoni akasema Papa amelala. Nilikuwa nasikia redio chumbani, na nikasikia mtu anabadilisha stesheni. Nikashuka kilima.

Tukaendelea hivyo, yeye Bluff, mimi mezani. Halafu siku moja akaingia dukani mkulima wa miwa kutoka pwani ya kaskazini, mtu mpole, kofia mkononi, anataka makadirio kwa ajili ya bima. Akafungua sanduku jipya la mbao, na ndani, kwenye mahameli, ilikuwa imelala rivolva ya Papa Anselme. Mkulima akakaa kwenye kiti, akanyamaza kama alivyoelekezwa. Nikageuza mtutu, nikakiona kishimo changu, nikasema maneno yaleyale niliyosema mara ya kwanza, na bei ileile.

Mkulima akawa mwekundu mpaka masikioni. Alikuwa ameinunua kwa bwana wa malori ikiwa ya asili, kwa ninety thousand. Sikilizeni hiyo hesabu. Faida ya yule bwana peke yake ingefungua jicho la kushoto la Papa, na jicho moja la mtu mwingine juu yake. Nikamwambia mkulima kwamba aliyemuuzia aliambiwa, palepale kwenye kitambaa, na mimi ndiye niliyemwambia.

Bwana wa malori akaitwa. Akaja anacheka. Akasema hajawahi kuambiwa kitu kama hicho. Aliambiwa kazi nzuri, na kazi nzuri ndiyo aliyoiuza. Nikamgeukia Gareth. Gareth alikuwepo, alisimama mlangoni, alisikia kila neno. Gareth akatazama viatu vyake, akasema hakumbuki vizuri, na kwamba mzee huyu, yaani mimi, macho yake siku hizi yamechoka. Bwana wa malori ndiye aliyekuwa analilisha duka lile. Sikuhitaji lenzi kuliona hilo.

Hapo ndipo nilipoelewa, na ndilo hasa ninalotaka mlibebe. Ukweli wangu walimpunguzia nao Papa bei, ulipokwisha kufanya kazi hiyo wakautupa. Ulikuwa ukweli wakati wa kununua kwa mzee asiyeona, ukawa uongo wakati wa kumuuzia mwenye shamba. Mimi nilidhani bei ya haki iko ndani ya chuma, ukijua kutazama utaikuta. Kumbe inamtaka mtu wa kuisimamia leo na kesho, kwa mnyonge na kwa mkubwa, na mimi pale dukani nilikuwa peke yangu.

Alikuwa amebaki mtu mmoja wa kunitoa uongoni. Nikapanda Bluff. Safari hii Mama Régine alinifungulia. Papa alikuwa amekaa karibu na dirisha, na lile jicho la kulia likanitazama moja kwa moja, safi kabisa, jicho la yule fundi niliyemkuta na aproni yake. Sijui kama mtu amewahi kunitazama hivyo tena. Nikamweleza yote. Nikamwomba aje dukani, akae, aseme neno moja tu: ile rivolva niliifanya mimi, kwa mikono yangu, na siku ya kuuza huyu alisema wazi. Nikamwambia taksi nitalipa mimi.

Akaniuliza yule bwana aliiuza kwa kiasi gani. Nikamwambia. Akakaa anasugua vidole vyake, kidole gumba kwa shahada, alivyokuwa akifanya zamani akipima ulaini wa chuma. Nilidhani anahesabu. Kisha akasema bila hasira yoyote, na afadhali angekasirika:

“Ile siku ulisema peke yako, Kigoma. Leo pia utasema peke yako.”

Akamwita Mama Régine anisindikize.

Wiki ileile Gareth akaniambia nikapumzike. Hakuna hotuba, hakuna zawadi ya saa ya ukutani, nilipewa bahasha na mkono baridi. Mkulima alirudi kwao na sanduku lake. Nasikia walimalizana pembeni na yule bwana, sijui kwa masharti gani. Nasikia pia kwamba siku hizi pale dukani wanapiga picha wanauliza mtandaoni, na kwamba kile kitambaa hakipo tena. Sharp, sawa tu. Wafanye wanavyotaka.

Papa bado anasali kanisani kwetu, misa ya Kiswahili. Wale mnaokuja mnamwona, yule mzee wa benchi la mbele mwenye fimbo. Padri akisema tupeane amani, Papa anageuka huku na huku anatoa mkono kwa kila aliye karibu. Nikikaa kulia kwake, upande wa lile jicho lililopasuliwa, ananiona, mkono unashuka, anamgeukia mwingine. Nikikaa kushoto hajui ni nani. Ananishika kwa mikono yote miwili, mikono ileile iliyonipa skurubu, ananiambia amani ya Kristo, ndugu yangu.

Siku hizi nafika mapema nipate nafasi ya kushoto. Simjibu, asije akanijua kwa sauti. Namkaza tu mkono.